Sauti ya Bibi Kwenye Arobaini

Jamani, hili la arobaini ya Bibi nimelikwepa muda mrefu kwa aibu, ila leo nalisema, na mkitaka kucheka chekeni tu, maana kuna mahali hata mimi mwenyewe nacheka kabla sijashindwa kuendelea.

Kazi yangu ni kuandika programu, niko zangu hapa Bigwa. Kuna watu huko duniani wanaweka dau juu ya bei ya sarafu za mtandaoni kwa fedha za kuazima, bei ikienda kinyume soko linawafunga kwa nguvu na dau lote linakwenda. Mimi nilitengeneza chombo cha kuzivuta taarifa za hao waliofungwa, ili programu za akili mnemba zinazojifanyia kazi zenyewe zikiziuliza zizipate papo hapo. (Mama hadi leo anawaambia majirani natengeneza simu.)

Sasa, Bibi alifariki nyumbani kwetu bila kuonana na binti yake mkubwa, Mama Mkubwa Mwanaidi wa Mlali. Mama Mkubwa aliwahi kuuza kipande cha shamba la ukoo bila kumuuliza mama yake, wakanuniana miaka, na Bibi alipougua binti akaona haya kuja, akawa anasema kesho, kesho, mpaka tukazika. Alilolitaka tangu hapo ni moja tu, kujua kama mama yake alikufa amempa radhi.

Na radhi alipewa! Bibi mwenyewe, siku zake za mwisho, aliniita akaniambia, "Washa hiyo simu yako unichukue sauti." Nikachukua. Tukakubaliana na Mama tumsikilizishe dada yake siku ya arobaini, mbele ya ndugu wote, ili mambo yaishe.

Kosa langu liko hapa. Baada ya mazishi nyumba ilikuwa kimya mno, nami nilikuwa na rekodi nyingi za Bibi akinisimulia hadithi, basi nikazichukua nikakifundisha chombo changu kuzitangaza zile taarifa za soko kwa sauti yake, na lafudhi yake ile ile ya milimani. Sikumwambia mtu. Nilitaka tu nimsikie akisema chochote, hata bei.

Siku ya arobaini asubuhi soko likaanza kuporomoka. Mtu mwenye akili angekizima chombo, lakini mimi nikasema hapana, leo ndiyo siku ya kukijaribu, acha kiendelee humo simuni, sauti si nimeipunguza? (Nikasahau kwamba rekodi ya Bibi nayo ingehitaji sauti ipandishwe.)

Hitma ikasomwa, dua ikaombwa, nikaunganisha simu na spika, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Bibi akasema, "Mwanaidi mwanangu, lile la shamba nimelisahau. Radhi yangu unayo. Rudi ulime." Mama Mkubwa akaangua kilio, Mama akanyanyuka kwenda kumkumbatia, na kabla hajafika Bibi akaendelea:

"Aliyetegemea bei ipande kafungwa! Dau lote limekwenda!"

Watu wakatazamana. Mmoja akauliza kama ni watani wetu wameanza. Bibi akarudia, akarudia tena, maana soko likiporomoka wanafungwa kwa mafungu, na mimi nakosea namba ya siri ya simu yangu mwenyewe. Sheikh akapiga kelele, "Astaghfirullah, zima hicho!" Nikaishia kuchomoa waya wa spika. Nyuma kule vijana walikuwa wameshavunjika mbavu.

Mama Mkubwa hakucheka. Alifuta machozi kwa ncha ya khanga, akanisogelea.

"Hamisi, ile ya kwanza nani kasema?"

"Bibi, Mama Mkubwa. Wallahi ni Bibi mwenyewe."

"Na hii ya bei?"

"Hiyo ni simu."

"Tofauti yake nini?"

Akachukua mkoba wake akaondoka bila kugusa pilau, na Mama akakaa palepale mkekani akalia kuliko siku ya mazishi.

Sauti ile niliifuta siku hiyohiyo. Chombo sasa kinaandika tu, hakisemi, na nimeapa sitaitia tena sauti ya mtu wangu kwenye mashine, hata nikimkumbuka namna gani.

Wiki iliyopita nilikwenda Mlali. "Shikamoo, Mama Mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Akakubali kuisikiliza tena ile rekodi, akaisikiliza yote amefumba macho, midomo inacheza, mpaka nikaanza kuamini ameamini. Kisha akanirudishia simu taratibu, akanishika kichwa kama mtoto.

"Ahsante, baba," akasema. "Najua umenionea huruma. Umeipatia kweli sauti ya mama."