Siyad na Darasa Lisilokutana

Siyad Bare ni mjukuu wa Nunow, mchimba visima wa Wajir ambaye hakuna msafiri aliyepita kwake akaondoka na kiu. Bare, babaye, alikuwa msuluhishi aliyeaminiwa na wafugaji hadi Ijara. Katika ukoo huo, mtu hasemi haja yake kabla ya kuulizana habari: za watu, za mifugo, za mvua na za amani.

Asubuhi hii, katika soko la mifugo la Garissa, Siyad anasema bismillahi, anamdunga mbuzi chanjo, kisha anamwachilia kwa kofi jepesi la mgongoni. Amekuwa msaidizi wa madaktari wa mifugo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Sasa anasomea cheti kitakachomruhusu kuongoza kikosi cha chanjo huko Ijara, kwa wajomba zake.

Masomo yenyewe huja kwa simu, kwa mtindo uitwao asinkronasi, neno linalovuma siku hizi maofisini na vyuoni.

“Nilipolisikia, nilidhani ni ugonjwa wa ngamia,” asema Siyad.

Adabu ndiyo iliyomponza. Wiki ya kuwasilisha kazi ya kwanza ilipoanza, aliandika kwenye kundi la darasa: “Asalaam aleikum. Watu hawajambo? Mifugo je? Mvua? Amani ipo?” Kisha akaiweka simu chini, akangoja, ilhali kazi yake ilikuwa tayari.

Kesho yake mwenzake wa Lafey alijibu kwamba kumenyesha. Wengine walituma kazi zao tu.

“Baba Jama, bado unangoja kuitikiwa?” alitania mkewe, Habibo. “Hata uliponiposa hukuwa na subira hii.”

“Mtu hatui mzigo mbele ya watu ambao hajajua habari zao,” alijibu.

Jioni ya mwisho ya kuwasilisha ikafika. Asiyewasilisha angefutwa masomoni. Mwalimu Ruweyda akampigia simu kutoka Wajir.

“Adeer, kazi yako iko wapi?” aliuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

“Ipo, mwalimu. Nangoja salamu ziishe.”

Ruweyda alicheka, kisha akauliza: “Adeer, ukifika kisimani usikute mtu, utakaa na kiu mpaka aje wa kukusalimu?”

“La. Nitakunywa.”

“Na atakayekuja nyuma yako?”

“Nitamwachia ndoo na kamba.”

“Basi hiyo ndiyo asinkronasi: kila mtu kwa wakati wake. Mimi nimekwisha kuacha somo langu. Wewe chota, nawe uache lako.”

Kazi ilitumwa kabla ya magharibi, salamu juu, majibu chini, na alifaulu. Leo darasa zima huandika hivyo, na mwenzake wa Lafey haanzi jibu lolote bila kutaja mvua.

Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Siyad tayari amewatumia wajomba zake ujumbe kwamba waandae mazizi.

“Vijana na wasikie,” asema, akifunika sindano. “Darasa hili halina kengele wala kiboko. Usiposoma kwa kuwa hakuna anayekutazama, usilaumu simu. Na ukishakunywa, iache kamba pale ulipoikuta.”