Kichwa cha Mama Wening

Mwaka ule, kabla hata mavuno ya pili hayajaingia, Ngatmini alikuwa amekosa rewang mara tano. Mara zote tano alikuwa na sababu moja, na sababu hiyo hakuna mwanamke hata mmoja pale kijijini Karangduwet aliyekuwa bado anaiamini.

Kukosa rewang kwetu si jambo dogo. Mwenzio akiwa na shughuli, iwe harusi, tohara au hitima, unachukua kisu chako unakwenda jikoni kwake siku mbili tatu. Unakata, unakuna nazi, unakoroga, unapiga soga. Yako ikifika, naye anakuja. Kulikuwa na mjane mmoja wa upande wa mtoni, mwenye maringo yake, aliyekuwa haonekani kwa watu. Siku alipomwoza mwanawe ikambidi aagize chakula mjini, kikaja kwenye maboksi. Mpaka leo wajukuu zake wanaitwa watoto wa maboksi.

Ngatmini hakuwa na maringo. Alikuwa na kipandauso.

Kilimwanzia jicho la kushoto. Doa dogo lilimetameta kama bati juani, kisha likatanuka mpaka nusu ya uso wa mtu aliyesimama mbele yake inapotea. Hapo alikuwa na nusu saa tu ya kufika nyumbani. Maumivu yakija, yalishika upande mmoja wa kichwa, nyuma ya jicho, yakagonga na kugonga, na kila kitu kikawa adui: mwanga, jogoo, harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Alitapika mpaka nyongo. Alilala chumbani, saruni imetundikwa dirishani, siku nzima, pengine mbili. Sasa fikiria mwenyewe shughuli za kwetu zilivyo. Moshi wa kuni, makarai ya vitunguu tangu alfajiri, na spika za kukodi zilizopangwa mpaka kimo cha paa, zikipiga muziki hadi sahani zinatetemeka kabatini. Pale alipotakiwa awepo ili ahesabiwe mtu, ndipo kichwa chake kilipokuwa kinamalizwa.

Walihangaika naye tangu utotoni. Alipozaliwa aliitwa Endang Kusumawati. Alipofika miaka saba, akiwa analia kichwa kila wiki, babu yake akasema jina limemzidi uzito. Likapikiwa wali wa baraka, likabadilishwa, akawa Ngatmini. Kichwa hakikujali. Alipoolewa, mumewe Karsono, fundi seremala na mtu wa maneno machache, alimkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka mistari myekundu ikajaa kotekote, ili upepo uliosemekana kumwingia mwilini umtoke. Alikunywa majani machungu, akasomewa maji, akafungwa vitambaa vya siki. Upepo kama ulikuwepo ulitoka, lakini kichwa kilibaki palepale.

Aliyemwonea huruma alikuwa Yu Sarti. Yu ni dada mkubwa, ndivyo kijiji kizima kilivyomwita. Alikuwa mkuu wa majiko yote ya shughuli, mwanamke mwenye mikono minene na mdomo usio na breki. Miaka kumi na sita nyuma, kwenye harusi ya watu, alimkuta Ngatmini kainama nyuma ya kuni. Akamtia mkononi kijikaratasi cha unga wa kichwa, ule unaouzwa kila kioski pamoja na sabuni na sigara.

"Meza huu, Ngat. Kabla sijamaliza kukuna nazi hii utakuwa umesimama."

Na kweli alisimama. Siku ile alikoroga jenang, ule uji mzito wa mchele, tui na sukari nyekundu unaotaka mkono usiochoka, mpaka ukawa mweusi na kung'aa, na tangu hapo hakuna aliyeshika mwiko wa jenang kama yupo yeye. Basi akaung'ang'ania ule unga. Kwanza kijikaratasi kimoja kwa mwezi. Kisha kila shughuli. Kisha kila asubuhi kabla hajakanyaga chini, na kingine adhuhuri, na kingine jioni, na bado kichwa kikawa kinamuuma siku ishirini katika mwezi. Hapo ndipo alipoanza kukosekana.

"Kichwa cha Mama Wening kina akili," Yu Sarti alikuwa akisema, huku anakata maharage. "Kinajua lini kuna vitunguu vya kumenya." Na wenzake walicheka, kwa sababu Yu Sarti akisema kitu huwezi kuacha kucheka.

Ndipo Wening, mtoto wa pekee wa Ngatmini, akachumbiwa. Mzee wa kuhesabu siku njema akaitaja siku ya harusi, na siku ikishatajwa haisogezwi. Siku ishirini kabla, Wening alimshika mama yake mkono akampeleka kituo cha afya. Daktari alikuwa binti mdogo tu.

"Mama, kwa siku unameza vijikaratasi vingapi?"

"Vitatu. Nikizidiwa, vinne."

"Tangu lini?"

Wening ndiye aliyejibu. "Tangu niko darasa la kwanza, daktari."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, kipandauso unacho, hujidanganyi wala humdanganyi mtu. Lakini haya maumivu ya kila siku yanaletwa na huo unga. Mwili umeuzoea. Ukipungua, kichwa kinaudai."

Ngatmini hakusikia mwisho wa maneno hayo. Alikwama kwenye "humdanganyi mtu". Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na ilibidi afute macho kwa ncha ya ushungi.

"Inabidi uuache wote, leo hii," daktari akaendelea. "Wiki mbili za mwanzo utateseka, sikufichi. Baadaye maumivu yatapungua, nami nitakupa dawa ya kuzuia. Ila ukirudia, tunaanza upya."

"Nina harusi, mwanangu. Namwoza huyu."

"Lini?"

Alipotajiwa siku, daktari alihesabu kwa vidole, akamtazama Wening.

Njiani Ngatmini alisema ataanza baada ya harusi. Wening akafika nyumbani, akakusanya vijikaratasi vyote, chini ya mto, kwenye kopo la chai, ndani ya mfuko wa kanzu ya baba yake, akavitia jikoni vikaungua. "Nataka mama yangu harusini," alisema huku analia. "Sitaki mtu aliyesimamishwa na unga."

Siku ya tatu ya kuacha ndiyo siku waliyopanga kwenda nyumba kwa nyumba kuomba watu waje rewang. Hilo huwezi kumtuma mtu. Ngatmini alivaa batiki yake nzuri, Karsono akamshika kiwiko kama anampenda tu, kumbe anamzuia asianguke. Kwa Yu Sarti waliketi barazani, chai ikaletwa.

"Tumekuja kuomba nguvu zenu, Yu," Karsono alisema. "Tuna kazi."

"Kwa nini tusije, Kaka Karso? Tutakuja," alijibu Yu Sarti, akampa Ngatmini tabasamu pana. "Vichwa vikituruhusu."

Karsono aliikunja kofia yake mpaka ikapoteza umbo. Walipofika kwenye mtaro, Ngatmini alitapika chai yote. Nyuma yao mtu alicheka ndani ya nyumba. Labda alichekea jambo lingine.

Sitaki kuzieleza sana siku zilizofuata. Alijifungia. Aliuma mto. Siku ya sita alimwomba Mungu amchukue, akaomba kwa sauti, na Karsono aliyekuwa nje akipiga randa aliacha kupiga randa. Aliwaza maboksi. Aliona yanashuka kwenye gari mbele ya wakwe, moja moja, na wanawake wote wamesimama barabarani wamekunja mikono. Kama siku ile angekuwa na kijikaratasi kimoja tu ndani ya nyumba, nisingekuwa na hadithi.

Siku ya kumi na mbili aliamka, akangoja. Hakikuja kitu. Jogoo aliwika, na alikuwa jogoo tu. Wening alikuwa anakaanga tempe, vile vipande vya soya, harufu ikaingia chumbani, na tumbo la Ngatmini likanguruma kwa njaa, njaa ya mtu mzima wa afya. Alikwenda kuketi mlangoni, jua likampiga usoni, hakufumba macho. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakukumbuka asubuhi kama ile. Alipata siku tano za namna hiyo. Akapima mchele, akachagua sukari, akaimba.

Siku ya rewang wanawake walikuja. Walikuja wote, visu mkononi, kwa heshima ya Karsono na kwa hamu ya kuona. Ngatmini alikuwa anawakaribisha uani, na Yu Sarti alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, wakati doa lilipowaka kwenye jicho la kushoto.

Aliingia ndani haraka. Wening akamfuata, akamwona uso, akajua.

"Mama, lala. Mimi nitawaambia."

"Utawaambia nini? Kwamba mama yako anaumwa kichwa?"

Ngatmini akamtuma mtoto wa jirani kioski.

Alimeza viwili kwa mpigo. Kabla chai ya pili haijazunguka alikuwa amesimama, mwiko wa jenang mkononi, na alikoroga tangu asubuhi mpaka alasiri, spika zikilia nyuma ya kichwa chake, akitania na kutaniwa, jasho likimtoka. Jenang ilitoka nyeusi, inang'aa. Karsono alichungulia jikoni mara tatu, hakuamini. Wanawake nao walitazama. Walitazamana wao kwa wao.

Yu Sarti ndiye aliyelisema, kwa sauti ya kuwafikia hata waliokuwa kisimani. "Jamani, si niliwaambia? Kichwa hiki kina akili! Kwa wenzake kinauma mpaka kinatapisha, kwake kinakoroga jenang!"

Jiko zima likalipuka kwa kicheko. Ngatmini naye alicheka, angefanya nini tena, mwenye shughuli hanuni. Wening peke yake aliweka kisu chini akatoka nje.

Harusi ilikuwa nzuri. Chakula kilitosha, wakwe walisifu, hakuna aliyetaja maboksi. Wening akaenda kwa mumewe, na Ngatmini akalala siku tatu akitapika. Siku ya nne akamwambia Karsono, "Naanza upya." Akaanza. Sasa alijua njia yote ilivyo, na kuijua kulimzidishia uchungu, kwa maana mara ya kwanza angalau alikuwa anatembea bila kuona.

Alikuwa amefika siku ya kumi Yu Sarti alipomtahirisha mjukuu wake.

Karsono alisema, "Usiende. Nitakwenda mimi, nitabeba viti."

"Nisipokwenda kwa Sarti, Baba Wening, bora nihame."

Alichukua kisu chake. Ile asubuhi kichwa kilikuwa kizito tu, si zaidi. Jikoni alipewa kazi iliyobaki, vitunguu, beseni zima. Hakuna aliyempa mwiko. Walimwitikia salamu vizuri, wakaendelea na soga zao, na pembeni yake mkekani pakabaki wazi pa kukaa mtu mzima. Spika zikawashwa. Vitunguu vya kwanza vikaingia kwenye mafuta. Akainua uso kumjibu Yu Sarti jambo, na nusu ya uso wa Yu Sarti haikuwepo.

Angeweza kuondoka. Nusu saa ilikuwa inatosha. Aliinama akaendelea kumenya. Alimenya mpaka akawa haoni kisu, akajikata kidole gumba, akaendelea. Kisha mwili ulimkatalia. Alitapika mbele za watu wote, juu ya beseni la vitunguu, akaanguka ubavu, ameshika kichwa kwa mikono yenye damu, akilia sauti ambayo hakuna pale aliyewahi kuisikia, kwa sababu miaka yote alikuwa anailia chumbani.

Mtu alizima spika. Yu Sarti akapiga magoti kwenye matapishi, akamgeuza uso. Jicho la kushoto lilikuwa limejifumba lenyewe, linatiririka machozi, na ngozi ilikuwa ya kijivu.

"Masikini ya Mungu," alisema Yu Sarti polepole. "Kumbe ni kweli. Kumbe ni kweli, jamani. Nisamehe, Ngat. Mdomo wangu huu! Nisamehe, mdogo wangu."

Wanawake walimzunguka. Mmoja alimpepea na kifuniko cha chungu, mwingine alimfuta miguu, mwingine alikuwa analia wazi. Ngatmini aliyasikia yote kwa mbali, na katikati ya maumivu yale kitu kilifunguka kifuani mwake, kitu kilichokuwa kimefungwa miaka na miaka. Walikuwa wanamwamini.

Yu Sarti alifungua pindo la nguo yake, akatoa kijikaratasi. Akakichana kwa meno, akamimina unga kwenye kijiko cha chai ya sukari, akamwinua kichwa akamlaza mapajani pake, taratibu, kama anavyolazwa mtoto.

"Meza, mdogo wangu."

"Daktari... kasema nisi..."

"Daktari yuko wapi hapa? Sisi ndio tuko hapa. Meza, Ngat, tafadhali. Ukikataa, nitajisikiaje mimi?"

Aliwatazama kwa jicho lililobaki. Nyuso zote zilikuwa zimemwinamia, na hapakuwa na hata moja inayomcheka. Akafungua kinywa.

Nazi iliyokuwa inakunwa ilipoisha, alikuwa ameketi. Walimletea beseni jipya, wakamsogeza katikati ya mkeka, Yu Sarti upande huu, mwenzake upande ule, mabega yakigusana. Mtu alimpa mwiko wa jenang. Ngatmini aliupokea, akacheka nao, na ilikuwa furaha ya kweli. Kesho ingekuwa siku ya kwanza tena ya kuacha unga, na alijua hataihesabu.