Samaki wa Meli ya Mabou

Lauchie Beaton alipanga barua katika posta ya Sydney, Cape Breton, na daftari lake la historia ya Mabou, meli ya kivita aliyoitumikia ujanani, halikuwa na neno hata moja lililofutwa. Ilishushwa majini Mei 1941. Wakati wa vita ilisindikiza misafara thelathini na mmoja ya meli za mizigo kuvuka Atlantiki. Mwaka 1946 ikakatwakatwa, ikawa chuma chakavu. Kila tarehe aliihakiki mara mbili.

Ndiyo maana maneno yaliyosubiri kuchongwa kwenye bamba la shaba la ukumbusho wa meli yalimnyima raha. Hector Gillis, zamani mpishi wa meli, sasa katibu wa chama cha mabaharia wake wa zamani, alikuwa ameandika: "Ilizamisha nyambizi moja, 9 Februari 1943."

"Hector, ile haikuwa nyambizi."

"Kwani sijui? Si mimi niliyewakaanga?" Hector alicheka. "Lakini nani atamwambia mjane wa kapteni? Ndiye atakayelifunua bamba Jumapili. Nenda wewe, Chewa. Masikio yalikuwa yako."

Yalikuwa yake kweli. Siku ile, kijana wa miaka ishirini, alikuwa zamu kwenye chombo cha kunasa mwangwi chini ya maji. Akasikia kitu kikubwa, akapiga kelele: "Nyambizi!" Yakatupwa mabomu kumi. Bahari ikafumuka, kisha wakaelea samaki aina ya chewa, mamia kwa mamia, matumbo juu. Hector akashusha mashua na ndoo. Tangu hapo jina la Chewa likamganda Lauchie.

Alhamisi Lauchie akabisha kwa Bi. Pryce, mjane wa kapteni, daftari kwapani. Akinyamaza, meli aliyoipenda itabeba uongo wa shaba. Akisema, atamvua mama huyu fahari ya mumewe.

Alisema yote, macho kwenye kikombe cha chai.

"Kumbe Beaton ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mama. Nisamehe."

Bi. Pryce akaingia chumbani, akatoka na barua. "Hebu soma hapa."

Ulikuwa mwandiko wa kapteni: "Wiki mbili tumekula nyama ya kopo. Leo kijana wangu Beaton ametulisha samaki wabichi. Usimwambie mtu. Wakubwa nimewaandikia 'labda nyambizi'."

"Miaka thelathini nimefunga mdomo," alisema mjane, akifuta machozi ya kicheko. "Nilidhani nyinyi ndio mnaoamini ilikuwa nyambizi, sikutaka kuwavunja moyo!"

Jumapili mjane alivuta kitambaa. Nyambizi haikutajwa: misafara thelathini na mmoja tu, na pembeni, samaki aliyechongwa.

"Mbona kadogo hivyo?" Hector akanung'unika. "Wale walijaza sufuria zangu zote!"

Lauchie alilisoma bamba mara mbili. Hakuona la kusahihisha.