Zuhura Aliyenipigia Linux Ndani ya Eda

Moyo wangu haujakubali mpaka saa hii. Jana nilipopigiwa simu nikajibu, "Zuhura gani? Mjini hapa akina Zuhura wengi." Nikawataja wengine wote kabla sijakubali kuwa ni yeye.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kwa msiomjua, Zuhura alikuwa fundi kompyuta wa ofisi yetu, Mji Mkongwe, tangu miaka ile laptop ikipita njiani watu wanageuka kuitazama. Mtoto wa mitaa ya Ng'ambo, ulimi mkali, mkono mwepesi. Kompyuta ikimgomea anaisema kama mtu anavyomsema mbuzi mkaidi.

Wengine watakusimulieni mengi yake. Mimi nna moja tu, na sijapata kulisimulia hapa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mume wangu, Seif, alifariki ghafla. Nikaingia eda, nyumbani kwetu kwenye majumba ya Michenzani, na wanangu wadogo bado.

Kwetu mjane hatoki mpaka eda iishe. Na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga chapa ripoti za wafadhili, na ripoti haijui msiba. Bosi alikuja kunipa pole, kisha akamtuma Zuhura anifikishie kuwa deadline haisogei, kama siwezi atatafutwa mtu mwengine. Nilijua huyo akishaingia, hatoki tena. Na mshahara ule ndio uliobakia wa kuwalisha watoto.

Kompyuta ya ofisi hairuhusiwi kutoka. Nyumbani ilikuwepo laptop ya Seif, kuukuu, mfumo wake umeliwa na virusi, ukiiwasha inakwama njiani. Zuhura akaniuliza kama kuna kitu cha marehemu mle ndani nnachokitaka. Nikamwambia hamna, picha zake zimo kwenye albamu. Akasema basi tunaifuta yote tunapiga Linux, mfumo mwengine, ni wa bure na mashine nzee inauweza. Mimi neno hilo ndio kwanza nalisikia, nikaitikia tu.

Akawa anakuja baada ya sala ya alasiri, CD imo kwenye mkoba. Anaitia, laptop inanguruma, inasita, inagoma. Akachoma CD nyengine ofisini, ikagoma. Akaazima ya mtu, hiyo nayo vile vile. "Nna kazi na wewe leo," anaiambia laptop, jasho linamtoka. Mimi pembeni usingizi sina, chakula hakipiti, deadline inakuja.

Mwisho akaamua kukifungua kile kidude cha kusomea CD. Akachovya pamba kwenye spiriti, akakipangusa kijicho chake cha kioo pole pole. Pamba ikatoka nyeusi ti.

Akainusa. Akanitazama, akanipa na mimi.

Ilikuwa udi.

Kila Ijumaa Seif alikuwa akifukiza kanzu yake kabla ya kwenda msikitini. Anaitandaza juu ya kiti, chetezo chini yake, na kiti chenyewe kiko mbele ya meza ya laptop. Miaka yote ile moshi ulikuwa ukiingia mle ndani na masizi yakiganda. Nani angewaza? Nyumba gani Unguja haifukizwi?

Na mimi tangu aondoke sikuwa nimeinusa harufu ile. Mjane hajitii manukato, na nguo za Seif zilikwisha kutolewa sadaka. Niliishika pamba ile nikalia kilio ambacho siku ya maziko kilikataa kutoka.

Zuhura hakunambia nyamaza. Alikaa mkekani akangoja, mpaka maghribi ikaadhiniwa. Ndipo akasema, "Maryam, nikisafisha itaondoka yote. Nikiacha, haitasoma. Sema wewe."

Niliwaangalia wanangu.

"Safisha," nikamwambia.

Akasafisha, na CD ikasoma. Skrini ikajaa maandishi meupe juu ya weusi, yanapanda mbio mbio, nikadhani keshaiharibu. Akacheka kidogo, akasema hiyo ndiyo dalili ya uzima. Sauti haikupata kutoa hata siku moja, na ukiiwasha, mpaka iwake ushachemsha chai ukanywa. Lakini ilikuwa inaandika, na mimi sikutaka zaidi ya hilo.

Nikawa naandika asubuhi watoto wakiwa skuli. Jioni Zuhura anapita kuchukua flopi niliyohifadhia kazi, anaipeleka ofisini, anachapisha, anarudi na karatasi zilizosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Kila siku ya kazi, masika yote ile, buibui limeroa mpaka magotini. Ripoti ikafika kwa wakati wake, ikafuata nyengine, na nyengine.

Eda ikaisha. Asubuhi ya kwanza nikapanda ngazi za ofisi. Nikamkuta Zuhura amekaa kwenye kiti changu, meza imejaa nyaya na bisibisi.

Nikamuuliza kwani wamemhamisha. Akasema hapana. Bosi alitaka kumkalisha mtu pale kwa muda, yeye Zuhura akaona huo muda hautakwisha. Akahamishia vyombo vyake vyote, akadai chumba chake kinavuja. Miezi yote ile alikuwa akifanya kazi zake pale, kwa dhiki, ili asikae mwengine.

Akakusanya bisibisi zake, akainuka.

"Kaa," akanambia. "Hapa pako."

Zuhura, nimekaa pale mpaka leo. Wanangu wamesoma kwa kiti kile, na mkubwa keshaoa. Leo asubuhi nilikuwa mmoja wa waliokuosha, na nilitaka kukwambia haya, nikashindwa, maneno hayakutoka mbele za watu. Naona haya kukwambia ahsante wakati huwezi tena kunijibu.

Mola akusamehe, akupanulie kaburi lako, akutie nuru. Kesho naingia kazini, na sijui nitakaaje pale na wewe haupo.

Ulale salama, shoga yangu.