Mtambo Uliopokea Flashi

Jumatatu ya kwanza ya Machi tulipoteza laini zote za simu. Wezi walichimbua waya wa shaba kando ya barabara, na nilipofika kazini swichibodi yangu ilikuwa kimya. Mume wangu nilikuwa nimemzika Februari. Sitayachanganya mambo haya mawili. Moja lilirekebishwa.

Ninapokea simu katika ushirika wa maziwa, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Simu nyingi za wakulima ni flashi: mtu anapiga, anaacha ilie mara moja, anakata. Naona nambari yake, nampigia. Flashi mbili mfululizo maana yake ng'ombe ana joto, anataka dume, daktari wa mifugo aje na mbegu leo hii, maana kesho joto litakuwa limeisha na itabidi kungoja wiki tatu. Hakuna aliyeipanga sheria hiyo. Tulijikuta tu tunaifuata.

Machi ilikuwa inaisha fundi alipokuja kufunga mtambo mpya. Laini za nje, ambazo yeye aliziita tranki, sasa zilipita kwenye kisanduku chenye kadi za simu. Aliweka hata sauti ya mwanamke ya kukaribisha watu: bonyeza moja kwa maziwa, mbili kwa daktari. Meneja alipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Kesho yake akaingia shosho mmoja, bibi mzee kutoka Gilgil, mwenye ng'ombe mmoja tu.

"Mama wa simu, huyo msichana mmeandika kazi ni wa nani?"

"Msichana gani, shosho?"

"Anashika simu kabla sijakata! Nilikuwa najaribu flashi tu, amekula kredo yangu yote akinikaribisha. Namwambia ng'ombe wangu anakaribia joto, ananiambia nibonyeze. Nibonyeze ng'ombe wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika meza, mara ya kwanza tangu mazishi. Shosho alizidi kukasirika, halafu naye akaanza kucheka. Lakini laini zilipokatwa ng'ombe wake alikosa daktari, na sasa siku zake za joto zilikuwa zinarudi. Akikosa tena, nyumba hiyo itazidi kukaa bila maziwa.

Nikamwita fundi.

"Mathe, mtambo uko sawa. Flashi si simu, ni simu imekatika."

"Hapa kwetu hiyo ndiyo simu."

Akaketi. Kuiondoa ile sauti, ili laini zilie kwanza mezani kwangu, hakukumchukua muda. Shida ilikuwa nambari. Kila flashi iliyoingia, kisanduku kilionyesha nambari yake chenyewe, si ya aliyepiga. Fundi akatoka uani, akapiga flashi.

"Hiyo ni yetu!" nikamwambia kupitia dirishani.

Akarudi, akabadilisha, akatoka tena. Wapimaji wa maziwa wakaacha mitungi, nao wakaanza kupiga kutoka kwenye simu zao. Mara nambari ya kweli ikatokea, nikaipigia, na simu moja ikalia uani.

"Wewe mwenye kofia nyekundu!"

"Ni mimi!"

Wakashangilia kama watu walioona bao. Fundi alikuwa anashangilia kuliko wote. Jioni nilitembea kwenda nyumbani nikipanga jinsi nitakavyomsimulia mume wangu, mpaka nikafika mlangoni.

Alhamisi asubuhi, flashi. Halafu nyingine. Nikapiga.

"Shosho?"

"Umenijuaje?"

"Nimeona nambari yako."

"Basi harakisha! Analia hivi, majirani wanafikiri namchinja."

Daktari akawasha pikipiki. Alirudi mchana, buti zimejaa matope, akasema alimkuta bado ana joto na kazi imefanyika. Kama mimba imeingia, hatujui bado. Akavua buti moja, akanionyesha kidole ambacho ng'ombe alikikanyaga, kimevimba. Nikamletea maji ya chumvi kwenye beseni.