Taa za Apatimenti Zangu Bweri

Apatimenti zangu hapa Bweri zimekosa wapangaji, basi juzi nikafunga taa nyeupe kuanzia getini mpaka kwenye paa, ziwavutie wapita njia. Jioni nilipoziwasha tu, watu wakaanza kuingia. Mimi bwege nikawakimbilia nikitabasamu.

"Karibuni! Vyumba viwili, choo ndani!"

Jirani mmoja, kajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio. "Pole, baba. Amefariki saa ngapi?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Mtaani kwetu taa za namna hii zinafungwaga penye msiba, na wote walijua namuuguza mama yangu humo ndani.

Mara mlango ukafunguka. Mama alikuwa amejishikiza ukutani, anaziangalia taa.

"Mwanangu," akasema, "umeshaniwashia taa?"