Ijumaa ya Nane

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliamini kabisa kwamba mchanga wa pwani ya Makangale unaweza kumpa mtu miguu. Si mimi peke yangu, kijiji kizima kiliamini, ila mama yangu.

Nyumba yetu ndiyo pekee ya Wakristo pale. Baba alitoka bara kuja kufanya kazi ya msitu, mama akamfuata. Kanisa lilikuwa mbali, kwa hiyo Jumapili nyingi tulisali sebuleni, mama akianzisha nyimbo kwa sauti ya juu mno na baba akihangaika kumfikia. Majirani walituzoea. Iddi tulikula kwao mpaka tukashindwa kuinuka, Krismasi wakaja kula kwetu.

Shida ilikuwa mdogo wangu, Petro. Alipita miaka mitatu hajasimama. Mdomo alikuwa nao, akiiamuru nyumba nzima, lakini miguu ililegea. Hospitali walisema tumfanyishe mazoezi, tusubiri. Basi mama akasubiri. Kila asubuhi alimkanda kwa mafuta ya nazi, akamwombea, kisha akaenda shamba. Bibi yetu wa bara naye alishatuma ujumbe: mtoto akifika miaka minne hajatembea, apelekwe kwake, kuna mganga anamjua. Baba alianza kulegea. Mimi nililala nikimshika Petro mkono, nikiogopa kunyang'anywa.

Mama akiwa shamba tulishinda kwa jirani, Bi Mize. Aliwahi kumfunga Petro hirizi kiunoni. Mama aliifungua, akaikunja kwenye kitambaa safi na kumrudishia kwa shukrani nyingi. Kwa hiyo safari hii Bi Mize aliniita mimi.

"Mamako mie nnampenda, lakini subira yake ishapita kiasi," alisema. "Kitoto hichi kikafukiwe mchangani mpaka kiunoni, Ijumaa saba, maji yakijaa. Ya saba hiyo atasimama mwenyewe."

"Mama atakasirika, Bi."

"Basi asijue."

Ijumaa tulitoka shule mapema. Nilimbeba Petro mgongoni, Bi Mize akachukua kifuu cha kuchimbia na kikapu cha maandazi ya kumnyamazishia. Tulichimba shimo kwenye mchanga mbichi, tukamsimamisha ndani, tukamfukia. Bi Mize alisoma dua zake. Mimi, nikiogopa Mungu wetu asije akaudhika, nilisali Baba Yetu kimoyomoyo, haraka haraka. Petro mwenyewe aliturushia mchanga na kudai andazi.

Ijumaa ya saba tulimfukua, tukamwachia. Akakaa chini pu, akadai andazi. Bi Mize akakusanya kifuu na kikapu chake, akatangulia. Nyumbani nililia mpaka nikamweleza mama kila kitu.

"Najua," alisema. "Kwani nguo zake anafua nani? Wiki ya kwanza tu nilikuta mchanga."

"Mbona hukutukataza?"

"Nilikuja pwani nikachungulia kwenye miti ya mivinje, nikamwona mwanangu amesimama. Amesimamishwa na mchanga, lakini amesimama. Mchanga ni wa Mungu, mwanangu. Hirizi nilikataa kwa sababu ilitaka niitegemee yenyewe."

Ijumaa iliyofuata mama hakwenda shamba. Alimfunga Petro mgongoni kwa kanga, akapiga hodi kwa Bi Mize.

"Twende pwani, Bi Mize."

"Pwani tena? Saba zishatimia, mwanangu, na mie nshaaibika."

"Saba ni zako. Mimi Mungu hajanipa hesabu."

Bi Mize alimtazama, akacheka huku machozi yakimtoka, akatafuta kifuu chake.

Tukaenda hiyo ya nane, na ya tisa, na nyingine nikaacha kuzihesabu. Kila mmoja aliomba kwa namna yake, kisha wakapiga soga. Petro akatimiza miaka minne. Baba akaulizia habari ya safari ya bara, mama akajibu, "Bado," akaendelea kumkanda. Ijumaa iliyofuata baba alikuja pwani mwenyewe, akachimba shimo bila kutazama mtu.

Karibu na msimu wa karafuu, siku moja tulizidisha mazungumzo tukachelewa kuchimba. Petro alichoka kutusubiri. Alishika kanga ya Bi Mize, akajivuta juu, akaiachia, akapiga hatua tatu mpaka kwenye kikapu cha maandazi. Bi Mize alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mama alikaa pale pale mchangani, akalia.

Leo Petro anafanya kazi ya msitu kama baba, anauburuta kidogo mguu wa kushoto, na mdomo hajaupunguza. Muuguzi mmoja alinieleza kwamba mchanga ulimshikilia mpaka misuli ikapata nguvu. Bi Mize mpaka anafariki alisema ni Ijumaa ndizo zilizofanya kazi, yeye alikosea idadi tu. Mama hakubishana na yeyote.

Mimi naishi Chake Chake na mume wangu, na hatujajaliwa mtoto. Siku nyingine inauma, sitadanganya. Lakini tunaomba jioni, tunakula, tunacheka, na niko radhi na maisha yangu. Watu wema huniuliza sasa ni mwaka wa ngapi tunaomba. Huwa nashindwa kuwajibu, maana mimi niliwahi kuhesabu mpaka saba, mama akaja akanipeleka kwenye ya nane, na tangu hapo sijahesabu tena.